Ijumaa Kanisa Lilipohamia Penye Viatu

Grrru-chwa. Kimya kidogo. Grrru-chwa.

Hiyo ni sauti ya mashine ya kufua, ile ya zamani yenye matangi mawili, inayozungusha maji upande mmoja, ikasita kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha ikayazungusha upande wa pili. Mpaka leo nikiisikia, midomo yangu huanza kuimba bila ruhusa. Juzi nilikuwa kazini hapa Olaya, katikati ya Riyadh, ghorofa ya juu kabisa ambako naosha vikombe na kupeleka chai maofisini. Chumba cha pili fundi alikuwa akijaribu mashine ya taulo. Nikajikuta nimeshika kikombe chenye povu, macho nimeyafumba, pambio limenijaa kooni. Dada wa Kifilipino ninayefanya naye kazi akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia hapana, nilikuwa kanisani. Akaniangalia kwa huruma.

Wacha niwaeleze nyinyi, maana mtu ambaye hakulelewa nilikolelewa hawezi kuona uhusiano wa mashine ya kufua na kanisa.

Tulikaa Karantina, kusini mwa Jeddah, kwenye jengo ambalo rangi yake ilikuwa imebabuka mabaka mabaka mpaka likaonekana kama mtoto aliyetoka kuugua tetekuwanga. Baba aliendesha lori la maji. Mama alishona abaya na mapazia pale pale nyumbani. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee, meno ya mbele bado hayajaota vizuri, na nilikuwa pia mtoto wa pekee wa kanisa zima, kwa sababu wale wengine walikuwa wadada wa Kenya waliokaa kwa waajiri wao, na walinzi na madereva ambao watoto wao wako nyumbani kwa nyanya. Kila mmoja alikuwa na mtoto kwenye simu. Mimi ndiye niliyekuwa wa kushikika. Nilibebwa, nilisukwa, nililishwa biskuti mpaka mama akalalamika.

Jumapili yetu ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko. Swala ya mchana ikiisha na barabara ikinyamaza kwa joto, harufu ya wali na kuku ikiteremka ngazi kutoka kwa majirani, walianza kufika mmoja mmoja, kila mtu akiwa peke yake, kama watu waliokuja kuomba chumvi. Sebule yetu ndiyo ilikuwa kanisa. Na kwa kuwa kule kanisa halina ruhusa, na watu wakiimba sauti hupenya ukuta, waliamua hata kabla sijazaliwa kwamba nyimbo zetu zitaimbwa chini ya mngurumo wa mashine. Ile mashine iliwekwa kwenye kona, ikajazwa maji, ikawashwa, na watu wakaimba kwa kipimo chake. Ikinguruma, tunaimba. Ikisita, tunavuta pumzi. Mtu mmoja alipewa zamu ya kukaa karibu nayo, kwa sababu ilikuwa na kile kisaa cha kuzungusha kwa mkono, na kisaa kikifika mwisho mashine inanyamaza. Kazi ya mwenye zamu ilikuwa kukizungusha tena kabla hakijafika.

Mashuka yale yale ya kijani yalifuliwa kila Ijumaa, yawe machafu yawe safi, mpaka yakawa mepesi unaweza kumwona mtu upande wa pili. Mama alisema mashuka yetu yameokoka kuliko sisi.

Aliyetuongoza tulimwita Shemasi. Kazi yake ilikuwa ulinzi kwenye ghala moja karibu na bandari, lakini kwao Kakamega alikuwa shemasi kweli, na ushemasi ulikuwa haujamtoka. Alikuwa mrefu, magoti yake yalilia kila alipoinuka, na mfukoni alikuwa na peremende za tangawizi ambazo alinipa kama vile ananipa siri. Alipenda kufundisha juu ya dhambi, si kwa ukali, kwa bidii tu, kama fundi anayekueleza injini. Fundisho lake kubwa lilikuwa la vitunguu. Alisema mtu mmoja akikaanga vitunguu kwenye nyumba ya chumba kimoja, hakuna anayetoka pale akinuka waridi. Hata aliyekuwa amelala atanuka vitunguu. Dhambi ndivyo ilivyo, alisema, hakuna ya mtu mmoja. Mimi nilipokuwa nikisikia hivyo nilinusa mikono yangu.

Sasa, karibu na mlango, upande wa ndani, tulitandika boksi lililokunjuliwa, na viatu vyote viliwekwa pale. Kwingine watu huacha viatu nje, lakini sisi hatukutaka anayepanda ngazi aone rundo akaanza kujiuliza kuna arusi gani. Harufu ya mahali pale ninaijua kama ninavyoijua harufu ya mama: dawa ya viatu, vumbi, soksi za walinzi waliosimama wiki nzima, na juu yake kidogo udi uliong'ang'ania nguo za wadada kutoka nyumba za mabosi wao.

Kwenye kanisa la kwao Shemasi, mshiriki aliyekosa alirudishwa benchi la nyuma mpaka atengenezwe, yaani apatanishwe na wenzake. Sisi hatukuwa na benchi, la nyuma wala la mbele. Tulikaa kwenye zulia. Kwa hiyo mkosaji wetu alikaa penye viatu. Ijumaa ya meza ya Bwana, mkate ulipozunguka, kila mtu akimmegea jirani yake, yule wa penye viatu hakumegewa. Niliwahi kumwona mlinzi mmoja akikaa pale kwa ajili ya ulevi wa pombe ya kutengeneza, na mwingine kwa kumtukana mwenzake juu ya zamu. Walikaa Ijumaa moja au mbili, wakaomba radhi, wakarudi kwenye zulia. Niliona ni sawa. Mtoto huona mambo mengi ni sawa kama yalikuwepo alipozaliwa.

Halafu ikawa ni Anti Mwende.

Anti Mwende nilimpenda kuliko wote, na msiwaambie wengine. Alikuwa Mkamba wa Makueni, mfupi, mwenye kicheko cha puani. Nyumbani kwa madam wake kulikuwa na sherehe nyingi, na yeye aliniwekea karatasi za dhahabu za chokoleti, akazilainisha kwa ukucha mpaka zikawa kioo, akanikunjia pete na mataji. Alimwacha binti yake kwa mama yake kabla binti hajajua kuongea. Miaka yote mtoto yule alimwita nyanya yake "mama", na Mwende mwenyewe aliitwa "anti wa simu". Asubuhi ya Ijumaa ile ninayoisema, mtoto alichukua simu mwenyewe akasema, "Mama, unakuja lini?" Ndivyo tu. Mwende alifika kwetu akiwa amevaa kiatu cha kushoto kulia. Alirudia maneno yale kwa kila aliyeingia, na kwa aliyekwisha kuingia alirudia tena.

Na zamu ya mashine ilikuwa yake.

Tulikuwa kwenye wimbo wa shukrani, ule wa mwisho, unaopanda. Mwende alikuwa ameegemea mashine, kichwa nyuma, machozi yakimtiririka mpaka masikioni. Kisaa kikaisha. Mashine ikanyamaza. Na wimbo, badala ya kunyamaza nao, ukabaki umesimama katikati ya chumba, uchi kabisa, bila kifuniko.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Maisha yangu yote nilikuwa nimesikia watu wale wakiimba kupitia maji machafu. Sasa nikasikia kwamba Shemasi ana besi inayotetemesha sahani kabatini. Nikasikia mama yangu ana sauti nyingine ndani ya sauti yake. Waliimba ubeti mzima hivyo, na kiitikio, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya mkebe wa mchele mlangoni mwa jikoni nikidhani ndiyo mbinguni tayari.

Hodi ikapigwa.

Alikuwa haris, mlinzi wa jengo, mzee wa Kisudani tuliyemwita Ammi, mtu mpole aliyefagia ngazi huku akizungumza na ufagio. Mama alifungua kidogo, wengine wakiwa wamejazana chumbani nyuma ya pazia. Ammi aliangalia chini, si kwa hasira, kwa aibu ya kuwa yeye ndiye aliyetumwa. Akasema jirani wa chini ana mama mgonjwa, na nyimbo zimefika mpaka kwenye ngazi. "Mafi kuimba, Um Nekesa," akamwambia mama, yaani hakuna kuimba, Mama Nekesa, maana Nekesa ndiye mimi. "Akisikia mwenye nyumba, halas."

Tulijua halas ile, yaani basi, imekwisha, ina nini ndani yake. Nyumba imekwenda, na baba, ambaye wakati huo alikuwa barabarani na lori lake bila kujua lolote, ataitwa aeleze na kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini.

Kilichofuata kilinishangaza. Watu walionibeba na kunilisha biskuti waligeuka wote kwa pamoja wakamwangalia mtu mmoja.

"Ulikuwa na kazi moja, Mwende," Anti Rispa akasema. Anti Rispa alikuwa Mkisii wa ulimi mkali, aliyelea watoto wa watu mpaka mgongo ukajikunja. "Wiki nzima huu mdomo unasema yes madam, sawa madam. Hii saa moja ndiyo sauti yangu mimi. Sasa umeniletea nini? Itabidi nikaimbe chooni kwa kafili?"

"Sikusikia ikinyamaza," Mwende akasema. "Haki ya Mungu, sikusikia."

"Hakuna aliyesikia," Shemasi akasema. "Ndiyo maana tunaweka mtu wa zamu." Akamwonyesha mlango kwa kidole, kwa huzuni, kama mtu anayetimiza kitu ambacho hakukitunga yeye.

Mwende akaenda akakaa penye viatu.

Ijumaa zilizofuata tuliimba kwa midomo tu. Shemasi alitoa ishara kwa kidole, na watu wazima wakafungua na kufunga midomo kama samaki kwenye tangi la mkahawa, nyuso zimejaa hisia, sauti hakuna. Mimi nilijiziba mdomo kwa pindo la gauni nisicheke. Mama aliniambia jikoni kwamba Anti Rispa anakosea noti hata akiwa bubu, na tukacheka wote wawili tukiegemea friji. Lakini haikuwa furaha. Watu walikuja wakaondoka mapema. Mlangoni waliruka miguu ya Mwende kuchukua viatu vyao, wakisema samahani bila kumwangalia.

Kisha ikajulikana kwamba mkataba wa Mwende umekwisha na kafili amekata tiketi. Anarudi Makueni wiki ijayo kwa yule binti. Ijumaa iliyobaki ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya meza ya Bwana. Alimwomba Shemasi arudishwe kwenye zulia. Shemasi akamjibu kwa upole kwamba ni mapema mno, watu bado wana uchungu, na kanisa la kwao litamtengeneza akifika.

"Kanisa la kwetu halikuwa hapa, Shemasi," Mwende akasema. "Niliowakosea ni nyinyi. Nikienda hivi nitabaki hivi."

Alisema kwa sauti ndogo, akilainisha kikaratasi cha chokoleti kwenye goti. Nilielewa kitu kimoja tu: kwamba Anti Mwende ataondoka, na kwamba ataondoka kutoka penye viatu.

Ijumaa ikafika. Nilikwenda na mama kununua mkate kwa mwokaji wa Kiafghani, mkate mpana wa duara, na mimi niliubeba kifuani ukanichoma kupitia gauni. Juisi ya zabibu ilimiminwa kwenye kikombe cha bati. Mama ndiye alikuwa ashike sinia, kama kawaida, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Shemasi akasoma, akaomba, akaushika mkate.

Mama akaweka sinia chini. Akainuka. Akapita katikati ya watu, akasukuma ndala za baba kwa mguu, akaketi penye viatu kando ya Mwende.

"Mama Nekesa," Shemasi akasema, "kuna nini?"

"Nimekuja kukaa pangu."

"Wewe hukukosa."

Mama alitazama mikono yake. "Ile mashine ni yangu, Shemasi. Inavyolia naijua kama ninavyojua mtoto wangu akilia. Siku ile niliisikia ikinyamaza. Nilikuwa nimefika mahali patamu. Nikasema acha nimalize huu mstari. Halafu nikasema acha nimalize na kiitikio."

Kiyoyozi kikadondosha maji yake kwenye ndoo, to, to. Kisha Anti Rispa akashusha pumzi kwa kelele, kama mtu anayevua mkanda.

"Na mimi nilisikia," akasema. "Ningewezaje kutosikia? Mara ya kwanza kujisikia tangu nishuke ndege." Akainuka akaenda, akimnung'unikia Mwende asogee, na kwamba hivi viatu vya walinzi vinanuka kama wenyewe. Mlinzi mmoja akasema na yeye alisikia. Dereva mmoja akainuka bila kusema kitu. Walikwenda mmoja baada ya mwingine, wakakaa juu ya makubazi na mabuti na boksi, mapaja yamebanana, abaya ya huyu kwenye goti la yule, mpaka mlango usingefunguka hata kama Ammi angekuja na mwenye nyumba mwenyewe. Kwenye zulia alibaki Shemasi na mkate.

"Shemasi," Anti Rispa akamwita kutoka kwenye rundo, na sauti yake haikuwa na ukali sasa, ilikuwa ya kuchokoza tu, "si wewe ulitufundisha vitunguu?"

Nilimwona Shemasi akicheka bila kutaka, halafu kicheko kikamfia usoni. "Mimi nilisikia," akasema, "nikapandisha besi."

Magoti yakalia. Akauweka mkate kwenye sinia, na kikombe, akaja navyo taratibu asimwage. Hapakuwa na nafasi. Akasimama pale kama abiria, sinia mkononi, mpaka Mwende akajibana kwenye ukuta akamwachia upana wa kiatu kimoja, na ndipo mtu mzima yule akateremka akaketi, juu ya buti la mtu. Akammegea Mwende kwanza. Kisha akamnyooshea kiganja akamwambia, "Na wewe nimegee mimi."

Mwende alimega. Makombo yakaanguka kwenye viatu, na hakuna aliyeyapangusa.

Wiki ile akaruka kwenda kwa binti yake. Kuimba kulirudi polepole, nyuma ya blanketi lililotundikwa mlangoni, na zamu ya mashine ikawa ya watu wawili. Baadaye kampuni ya baba ilihamia Riyadh, tukahama nayo, kisha mimi nikapelekwa kwa nyanya Bungoma nikasoma mpaka kidato cha pili, karo ikagoma, na maisha yakanizungusha mpaka nikarudi Riyadh na vikombe vyangu. Nina ndoto zangu, nitawaambia nikizitimiza. Elimu ya dini sina. Nikisikia wahubiri kwenye simu wakieleza upatanisho kwa maneno marefu, huwa nawapenda kwa bidii yao, lakini akili yangu inarudi kwenye boksi lile.

Nilipokuwa mtoto nilidhani kusamehewa ni kuitwa. Uko penye viatu, mtu mwenye cheo anakuita, unarudi kwenye zulia. Na msalaba nilidhani ni Mungu kutafuta mtu wa kumchapa ili hasira imwishe, na Yesu akajitolea kwa kuwa ni mpole. Ilinichukua miaka kuona kwamba siku ile hakuna aliyerudi kwenye zulia. Zulia ndilo lilihama. Mkate ulikuja kule kwenye harufu. Nikaanza kufikiri labda ndivyo ilivyokuwa na Yesu: hakusimama mbali akatuita tuje tukiwa safi, alikuja akaketi juu ya viatu vyetu na mkate wake mkononi. Tofauti ni moja tu. Mama alikuja kwa sababu alisikia mashine ikinyamaza, na Shemasi pia, na Rispa. Kila aliyehamia alikuwa anakwenda kwenye sehemu yake mwenyewe ya kosa. Yeye hakuwa na sehemu pale, na bado alikuja. Nikifika hapo katika kufikiri kwangu huwa naweka kikombe chini kwanza.

Lakini kabla sijaelewa lolote kati ya haya, siku ile ile, kuna kitu nilifanya. Watu walikuwa wameondoka mmoja mmoja kama walivyokuja. Mama alikuwa jikoni, maji yakimwagika kwenye sinki. Boksi lilibaki tupu, limebonyea, lina alama za visigino. Nikashuka kwenye mkebe wangu wa mchele, nikaenda nikaketi pale, mgongo ukutani. Sikuwa na kosa ninalolijua, wala sikuwa nalitafuta. Nilikaa tu. Halafu nikasogea upande mmoja, nikaacha nafasi ya mtu.